Ukitaka Kuuza Nyumba: Maneno Juu ya Dalali na Malipo Yake

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama wa Diani, Ukunda na Msambweni. Yanachapwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini wasiweze kuhudhuria.)



Leo hatutasema juu ya mishahara wala juu ya saa za kazi. Twataka kusema juu ya kitu ambacho mfanyakazi hukijenga kwa mshahara huo, tofali baada ya tofali, mwaka baada ya mwaka, yaani nyumba yake. Na twataka kusema juu ya mtu anayekuja kumsaidia kuiuza, yaani dalali, au kama vijana wasemavyo, broka.

Kwa nini chama kiingie katika jambo hili? Sababu yake ni hii. Huku Kusini kazi yetu huenda kwa misimu. Mvua za masika zikianza, wageni hupungua, na wengi wetu huambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, hoteli za Diani zilifunga milango. Mwisho wa mwaka 2024 machimbo ya titani ya Kwale yaliacha kuchimba. Kila kazi inapokatika, wako wenzetu wanaokaa barazani na kuwaza: je, niuze ile ploti ya Ukunda? Dalali naye ajua kwamba mwenye shida hana muda wa kuuliza maswali. Basi maswali hayo tuyaulize leo, wakati hakuna anayetuharakisha.

Kwanza twaseme jambo la haki. Dalali si adui. Naye ni mtu wa kazi. Dalali mwema huijua bei ya mahali, hutembea juani na wanunuzi, huwajua walio na pesa na walio na maneno matupu, na huweza kukuletea mnunuzi ambaye wewe usingempata maisha yako yote. Mtu wa namna hiyo astahili ujira wake. Lakini ujira ni jambo la kuafikiana kabla ya kazi. Sisi wenyewe hatukubali mwajiri atuambie, "Fanyeni kazi kwanza, mshahara tutaona baadaye." Twadai mapatano ya maandishi. Mbona basi tukienda kuuza nyumba, iliyo kubwa kuliko mshahara wa miaka kumi, twapatana kwa maneno ya njiani, chini ya mwembe?

KABLA YA KUMTAFUTA DALALI

Jiulize mwenyewe: je, naweza kuuza? Angalia hati. Jina lililomo ni lako? Kama ni la marehemu baba au mjomba, simama hapo hapo. Sheria ya Urithi, Sura 160, haimruhusu mtu kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Katika nyumba za Wadigo jambo hili lina uzito wake, kwa sababu desturi ya zamani iliwapa wapwa haki, na sheria ya Kiislamu huwapa watoto haki. Dalali atakayekuambia, "Hilo si neno, tutalimaliza," hatakuwapo siku wapwa na watoto watakapokutana mahakamani.

Kama una mke au mume na hiyo ndiyo nyumba ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yataka akubali. Mwambie mapema. Mauzo mengi huvunjika siku ya mwisho kwa sababu mke asikia habari ya nyumba yake kutoka kwa jirani.

Tazama pia ni kitu gani hasa unachouza. Likoni na Mombasa ziko nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi; hulipa kodi ya kiwanja tu. Kama yako ni ya namna hiyo, unauza kuta na paa, na mnunuzi lazima aambiwe hivyo. Huku mashambani iko desturi nyingine ya pwani: ardhi huweza kuwa ya mtu huyu, na minazi au mikorosho iliyo juu yake ikawa ya mtu yule. Maliza habari ya miti kabla ya kuleta mnunuzi.

Kisha nenda ofisi ya msajili wa ardhi Kwale ufanye sachi ya ploti yako mwenyewe. Wengine hucheka wakisikia hivyo: "Nisachi kitu changu?" Naam, kisachi. Utajua kama jina lako lingali palepale na kama pana zuio lililowekwa na mtu. Wazee wetu walilipa sana kwa kutojua habari za makaratasi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani ayapeleke serikalini. Wengi wa Mijikenda hawakupeleka, na ardhi waliyokuwa wakilima ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Matatizo ya watu kuitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao yana mzizi wake mmoja hapo.

KUMCHAGUA DALALI

Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura 533, iliyopitishwa mwaka 1984. Sheria hiyo iliunda bodi ya kuwaandikisha mawakala, na yakataza mtu asiyeandikishwa kufanya kazi hiyo. Wengi wanaojiita madalali, Ukunda na kwingineko, hawakuandikishwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: "Ndugu, cheti chako kiko wapi?" Usitosheke na kadi yenye picha ya nyumba na mnazi. Mwombe jina lake kamili, namba yake ya kuandikishwa na ofisi yake, kisha uulize kwa bodi yenyewe. Mwenye cheti cha kweli hatakasirika.

Usimchague wa kwanza. Ongea na watatu, na wote uwaulize maneno yale yale:

1. Mwaka uliopita umeuza nyumba gani, na wapi? Anayeuza majumba ya ufukweni kwa wageni huenda asijue lolote juu ya nyumba ya vyumba vitatu Mwabungo au Bongwe. Na anayejua Msambweni huenda asijue Tiwi.

2. Nipe watu wawili uliowauzia, niwaulize. Ukienda, waulize pesa walizipata lini, na kama ni zote.

3. Mnunuzi akilipa, pesa zitapita mikononi mwa nani?

4. Je, utachukua ujira kwangu tu, au na kwa mnunuzi pia? Mtu hawezi kuvuta kamba pande mbili. Kama alipwa na mnunuzi, wewe ujue.

5. Nyumba yangu ni ya bei gani, na wajuaje?

Katika swali hilo la tano pana mtego. Watatu watakupa bei tatu, na moyo wako utampenda yule wa bei kubwa kuliko wote. Jihadhari. Wako wanaotaja bei kubwa ili wapate kazi, na baada ya miezi miwili huanza kukuambia soko limeanguka, punguza, punguza tena. Bora umlipe mthamini aliyeandikishwa akupimie bei. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na hasara ya kuuza gizani. Ukishindwa, uliza majirani ploti ziliuzwaje, si ziliulizwaje. Bei ya kutaja na bei ya kulipwa si ndugu.

CHA JUU

Sasa tufike kwenye malipo, maana ndipo watu wengi wanapoumia. Desturi iliyozoeleka sana ni ile ya "cha juu". Dalali akuuliza, "Mzee, wewe wataka ngapi mkononi?" Wewe wajibu, "Shs. 3,500,000/-." Asema, "Nitakuletea. Mimi sitaki kitu kwako, nitajitafutia cha juu." Waona ni mtu mwema, hakuombi hata senti.

Tufanye hesabu. Tuseme amempata mnunuzi wa Shs. 4,200,000/-. Wewe wapewa 3,500,000. Yeye aondoka na 700,000, yaani sehemu moja katika sita ya bei ya nyumba yako. Kama mngepatana 4 kwa mia, ujira wake ungekuwa Shs. 168,000/-. Kwa hiyo ule wema wake umekugharimu Shs. 532,000/-. Zaidi ya hayo, kama mapatano ya kuuza yameandikwa 4,200,000, karatasi zaonyesha kwamba wewe ndiwe uliyepokea zote, na mtoza kodi atakuuliza wewe.

Dalali wa cha juu hawezi kukuruhusu uonane na mnunuzi. Atasema mnunuzi ni mtu mkubwa, yuko Nairobi, hapendi maneno mengi. Kila unapozuiwa kuonana na anayenunua nyumba yako, jua pana bei mbili.

Basi kanuni ni hii: ujira uwe asilimia ya bei halisi iliyoandikwa, na bei hiyo uijue. Inayosikika sana sokoni ni baina ya 3 na 5 kwa mia, lakini ni jambo la kupatana. Na uliza kama asilimia hiyo ni pamoja na kodi ya VAT, kwa maana wakala aliyeandikishwa kwa kodi hiyo hulazimika kuongeza 16 kwa mia juu ya ujira wake.

Hata asilimia ina udhaifu wake, nao ni vyema kuujua. Chukua nyumba ya Shs. 4,000,000/- kwa ujira wa 4 kwa mia. Dalali apata 160,000. Akitokea mtu leo wa 3,800,000, dalali atapata 152,000. Kwake tofauti ni 8,000 tu. Kwako wewe ni 192,000. Ndiyo sababu atakusihi, "Chukua, mzee, huyu akiondoka hatarudi." Huenda asema kweli, lakini kiatu hakimbani yeye. Wachumi wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, walichunguza mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika sehemu za Chicago, na mwaka 2008 walitoa matokeo yao. Waliona kwamba mawakala wanapouza nyumba zao wenyewe, huziacha sokoni siku tisa na nusu zaidi, na hupata bei iliyozidi kwa 3.7 kwa mia hivi, kuliko wanapouza za wateja wao. Ikiwa ni hivyo huko kwenye sheria kali na magazeti ya bei, sembuse kwetu!

Dawa yake moja ni ujira wa ngazi. Mwaweza kupatana hivi: 3 kwa mia kwa Shs. 3,800,000/- za kwanza, na 10 kwa mia kwa kila kinachozidi hapo. Akiuza kwa 3,800,000 apata 114,000. Akiuza kwa 4,000,000 apata 134,000. Akiuza kwa 4,200,000 apata 154,000. Sasa na yeye ana sababu ya kungoja na kubishana na mnunuzi. Lakini ngazi hiyo ianzie kwenye bei ya mthamini. Ukiianzisha chini mno, umerudi kwenye cha juu kwa mlango wa nyuma.

MAANDISHI

Mapatano yako na dalali yawe karatasi moja, kwa lugha unayoisoma, na yaseme haya: namba ya ploti kama ilivyo katika hati, bei ya kuanzia, na bei ambayo haruhusiwi kushuka chini yake bila idhini yako, ujira wake, nani alipa matangazo, muda wa kazi, mathalan miezi mitatu, na ujira utalipwa lini.

Muda ni jambo kubwa. Karatasi isiyo na mwisho yaweza kukufunga miaka. Pia iseme kama yeye ni dalali wa pekee au mwaweza kuwa wengi. Ukiwapa kumi, kila mmoja humwambia rafiki yake, na rafiki humwambia mwenziwe, na siku ya malipo wapo sita mlangoni kila mtu asema mnunuzi ni wake. Ukimpa mmoja, mpe kwa muda mfupi, na atoe habari kila juma. Andikeni majina ya wanunuzi anaowaleta na tarehe.

Ujira ulipwe siku mnunuzi anapomaliza deni, na wakili wako amlipe kutoka katika pesa za mauzo. Usilipe "pesa ya mafuta," wala "pesa ya kufungua faili," wala "chai ya ofisini." Kama mnunuzi ameshindwa na mauzo yamevunjika, hapana ujira, na karatasi iseme hivyo. Dai risiti. Risiti hiyo ina faida nyingine: kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu tarehe 1 Januari 2023 ni 15 kwa mia ya faida, huhesabiwa baada ya kutoa gharama za kuuza, na ujira wa dalali ni mojawapo. Na kama umeishi katika nyumba hiyo mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza, sheria imekusamehe kodi hiyo. Ushuru wa stempu si wako, ni wa mnunuzi: 4 kwa mia mjini, 2 kwa mia mashambani.

MAMBO YASIYOKUBALIKA

Usimpe dalali hati asili. Mpe nakala. Hati asili ikae kwako au kwa wakili wako kwa maandishi.

Usitie sahihi karatasi ya kumpa dalali uwakili wa kuuza kwa jina lako. Kwa karatasi hiyo aweza kuuza nawe umelala.

Usikubali kuandika bei ndogo kuliko ya kweli "ili kupunguza ushuru." Huko ni kuvunja sheria, na mnunuzi akikataa kumaliza deni, mahakama itaisoma ile bei iliyoandikwa.

Usitumie wakili wa mnunuzi au wakili aliyeletwa na dalali. Tafuta wako. Sheria ya Mikataba, Sura 23, yataka mapatano ya kuuza ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, mbele ya shahidi. Arubuni, ambayo kwa desturi ni 10 kwa mia, ipite kwa mawakili kwa njia ya benki.

Na kama dalali akuambia amepata Mzungu wa bei kubwa, uliza kwanza: ploti yangu ni ya nyumba au ni shamba? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 65, humpa asiye raia haki ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Shamba la kilimo lahitaji idhini ya bodi ya ardhi chini ya Sura 302, na bodi hairuhusiwi kuidhinisha shamba liende kwa asiye raia. Hata kwa raia, ombi lipelekwe bodi katika miezi sita tangu kutia sahihi. Bila idhini mauzo ni batili, na mnunuzi aweza kudai pesa zake zote. Fikiri: umeshapokea, umeshatumia, na ujira wa dalali umeshalipwa.

HAKI YA DALALI

Tumesema mengi juu ya hila za madalali. Tuseme na moja juu ya hila zetu. Wako wenye nyumba wanaoletewa mnunuzi, kisha usiku humpigia simu yule mnunuzi wapatane wao kwa wao, ili dalali akose. Huo ni wizi wa jasho, nasi tunaopigania jasho letu tusiufanye. Mahakama nazo hutazama ni nani aliyesababisha mauzo, si nani aliyekuwapo siku ya kutia sahihi. Akifanya kazi, alipwe yote, alipwe kwa wakati.

MWISHO

Chama hakiuzi nyumba, na hakichukui kamisheni kwa mtu. Lakini kabla ya kutia sahihi yoyote, mlete karatasi hiyo kwa mwakilishi wenu wa kazini, muisome pamoja polepole. Dalali asiyeweza kungoja siku mbili karatasi isomwe, mwacheni aende.

Na kabla ya yote hayo, kaa na watu wa nyumbani mwako, jibuni swali moja: pesa zikiisha, tutalala wapi? Huku pwani twawajua watu waliouza ploti ya barabarani, na leo wapanga chumba karibu na ukuta wa ile ile iliyokuwa yao. Mwenye jibu la swali hilo na auze, tena auze kwa bei nzuri. Asiye na jibu, hata dalali mwaminifu kuliko wote hawezi kumpa.